Zamu ya Maji: majibu ya maswali mnayoniuliza kuhusu albamu mpya

Tangu watu wasikie kwamba narekodi tena, sipiti sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, bila kushikwa mkono. Wengine wananiuliza kanisani, wengine stendi, wengine wanatuma ujumbe wa sauti usiku wa manane kutoka nchi ambazo kwao ni mchana. Siwezi kumjibu kila mmoja na bado nikabaki na sauti ya kuimbia. Kwa hiyo nimeyaweka hapa yale yanayojirudia. Binti yangu ndiye aliyechapa. Maneno ni yangu.

Albamu inatoka lini?

Desemba, kabla ya Krismasi. Watu wa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa sababu. Mwezi huo mlima unajaa. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanakata zaidi ya kilomita 500 bila kiti kilicho wazi, na treni nayo, tangu safari za abiria hadi Moshi ziliporudi Desemba 2019, inashusha watu na mabegi yao. Watoto waliozaliwa mjini wanaonyeshwa makaburi ya babu zao kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nataka nyimbo hizi zisikike mara ya kwanza hapo, barazani, kisusio, ile supu yetu ya nyama na damu ya mbuzi, kikiwa bado cha moto, bibi na mjukuu wakiwa benchi moja. Nikiitoa Machi kila mtu ataisikiliza peke yake, masikioni.

Shikamoo Mama. Jina “Zamu ya Maji” umelitoa wapi?

Marahaba, mwanangu. Nimelitoa kwenye mfongo uliokuwa unapita kwenye kihamba cha wazazi wangu, Uru. Kwa ambao hawakukulia huku: kihamba ni shamba la migomba la familia, na mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mikono, unayachukua maji mtoni kule juu karibu na msitu, unayateremsha polepole ukifuata ubavu wa mlima mpaka kwenye vihamba. Wazungu wa kwanza waliofika hapa karne ya 19 waliikuta mifongo inafanya kazi, wakashangaa. Usiku maji yalikusanywa kwenye nduwa, yaani bwawa la udongo, na asubuhi yakafunguliwa. Maji hayakuwa ya mtu. Kila nyumba ilikuwa na zamu, na kila nyumba ilitoa mtu siku ya kuzibua mfongo.

Nikiwa na miaka kumi mama alikuwa ananiamsha alfajiri, ananipa taa ya chemli na jembe, niende kufungua tuta zamu yetu inapofika. Giza la migombani si mchezo. Majani makavu yanasuguana na unasikia kama mtu anakunyatia. Nilikuwa naimba ili nisiogope. Kwenye mahojiano ya redio nimesema mara nyingi kwamba nilianza kuimba kwenye kwaya ya watoto, na nimesema hivyo kwa sababu ndilo jibu watu wanalolitarajia. Ukweli ni kwamba nilianzia kwenye mfongo, na aliyenisikiliza ni mama peke yake, akihesabu kwa sauti yangu nimefika wapi.

Ubeti wa kwanza wa wimbo wenyewe unakwenda hivi:

Maji yakifika kwako, fungua nusu ya tuta,
Na jirani chini yako, migomba yake yasita,
Mvua si mali yako, ni zamu iliyopita,
Zamu ni ya maji haya, sote hapa tunapita.

Ulikuwa wapi miaka yote hii?

Kaseti yangu ya mwisho ilitoka 1999. Mwaka uliofuata mama aliugua, na mimi ndiye mtoto niliyekuwa karibu. Nikamuuguza miaka sita. Baadaye ikawa zamu ya mume wangu. Katikati ya hayo nimelima, nimeuza parachichi na ndizi, nimefundisha kwaya. Kutunga sikuacha. Ninazo kaunta buku nne zilizojaa, na nyimbo tisa kati ya kumi na moja za albamu hii zimetoka humo. Niliyokosa ni siku mbili mfululizo za kukaa na wapiga vyombo bila simu ya hospitali kuita.

Mbona sauti yako imeshuka? Au ni kipande nilichosikia kina hitilafu?

Hakina hitilafu. Imeshuka, na sikutaka kuificha.

Mwanamke akishapita ukomo wa hedhi, nyuzi za sauti zinanenepa kidogo. Umri nao unazikakamaza gegedu za koo. Sauti inateremka, na noti za juu zinadai pumzi ambayo mapafu hayaitoi tena kwa hiari. Mwaka 1983 nilikuwa naimba wimbo mzima doh, yaani noti ya msingi, ikiwa A. Leo doh yangu imekaa kwenye F, nusu-toni nne chini. Anayejua gitaa ateremshe freti nne, ataelewa safari niliyotembea.

Prodyuza wetu ni kijana mwenye masikio mazuri sana. Alinishauri tuimbe pale pale pa zamani, kisha kompyuta ivute noti zilizolegea mpaka mahali pake. Nilimpa siku mbili. Alipomaliza tukasikiliza, na kwenye spika akatoka msichana niliyemfahamu vizuri: ana pumzi, ana haraka, hajazika mtu. Wimbo wenyewe ni wa mjane anayekunja mashati. Nikamwomba aufute, tukaanza upya kwenye F. Tulichukua mara tatu, na tuliyoiweka kwenye albamu ni ya pili, ambayo mwishoni mwa ubeti wa tatu sauti inakwaruza. Mkwaruzo huo umebaki kwa sababu ndivyo sauti yangu inavyotoka sasa ninapoyasema maneno hayo, na maneno hayo yaliandikwa sasa.

Mdogo wangu uliyeniuliza dawa ya sauti: tangawizi na asali vinatuliza koo, lakini havifiki kwenye nyuzi za sauti, maana chakula na hewa vina njia mbili tofauti. Kinachonisaidia mimi ni maji mengi tangu asubuhi, na mrija. Weka mrija kwenye glasi yenye maji kidogo, upulize mapovu huku unavumisha wimbo, dakika tano tu. Shinikizo linalorudi kwenye koo linazifanya nyuzi zikutane kwa ulaini. Na ukiwa na koo bovu usinong’one. Kunong’ona kunachosha kuliko kuzungumza taratibu.

Kwa nini umeweka matarumbeta? Tulizoea saksafoni kwenye muziki wa dansi.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, mnivumilie.

Ukikaa Moshi Jumamosi yoyote utayasikia kabla hujayaona. Pikapu imetangulia, vijana wamesimama nyuma, tarumbeta, tromboni, tuba, ngoma ya pembeni, na msafara wa harusi unafuata ukiwasha taa mchana. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na baada yao tarumbeta za kanisani zikashika mizizi huku mlimani mpaka zikawa zetu. Zinatuamsha Pasaka, zinatuozesha, zinatuzika. Mtoto wa hapa anaifahamu tuba kabla hajalifahamu gitaa la umeme. Halafu tukienda kurekodi tunaziacha nje, kana kwamba muziki wa studio ni kitu kingine. Kwa miaka arobaini hilo lilikuwa linanikera.

Kuna na sababu ya ufundi. Mpiga gitaa akiachiwa achague, atachagua E, A au D, kwa kuwa nyuzi zilizo wazi zinamsaidia. Tarumbeta na tromboni zimetengenezwa kwenye B flati, kwa hiyo zinapumua vizuri kwenye F, B flati na E flati. Zamani nilipoimba kwenye A, ukimleta mpiga tarumbeta unamtwisha mzigo wa noti asizozizoea, anatoka jasho na bado anakosea. Sasa sauti yangu iliposhuka ikatua wapi? F! Siku ya kwanza ya mazoezi wale vijana walipuliza mstari wa kwanza, wakatazamana, wakacheka kwa raha. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwao bila kujua.

Mpiga gitaa naye hakuonewa. Anabana kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, anapiga mikono ya E, inatoka F. Wimbo wa B flati anabana freti ya tatu na kupiga mikono ya G. Hakuna aliyelazimika kujifunza upya kazi yake.

Mmerekodia studio gani?

Hatukwenda studio. Tumerekodia kwenye nyumba ya familia, Uru, sebule yenye mbao ukutani, na jikoni ndiko ilikokaa kompyuta. Tulinunua mablanketi mazito ya mitumba Kiboroloni, tukayatundika kwenye pembe za chumba na mbele ya madirisha. Blanketi linapunguza mwangwi wa noti za juu. Zile nzito za besi halizigusi, kwa hiyo besi tuliichomeka moja kwa moja kwenye kadi ya sauti.

Matarumbeta ndiyo yaliyotusumbua. Ukiyaweka chumba kimoja na mwimbaji, yanaingia kwenye maikrofoni yake na huwezi kuyatoa tena. Tukayapeleka barazani, mita saba hivi kutoka kwangu, mlango wazi. Hapo tukagundua kitu. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kwa umbali huo inachelewa sehemu moja ya hamsini ya sekunde ikitoka kwao kuja kwangu. Ni kidogo, lakini sikio la mpiga tumba linaisikia, na wote wakaanza kuburutana kama watu wanaosubiriana mlangoni. Suluhisho halikuwa mashine. Mpiga tuba alisogezwa akasimama mlangoni kabisa, baina yetu, na sote tukamfuata yeye.

Baridi nayo! Julai asubuhi kule juu pumzi inaonekana. Shaba ikipoa, tarumbeta inashuka. Waya wa gitaa ukipoa unajikaza, gitaa linapanda. Vyombo viwili vilivyolingana usiku vinaamka maadui. Tulipoteza asubuhi mbili kabla ya kukubaliana kwamba kazi inaanza saa nne, jua likishaingia barazani, na wapulizaji wapashe vyombo kwa pumzi dakika kumi kabla ya kutafuta noti.

Mvua haikutupata sana kwa kuwa tuliepuka masika. Paa ni la bati. Yeyote aliyewahi kulala chini ya bati Aprili anajua kwamba hapo hata salamu inabidi upige kelele. Umeme ulipokatika tulitumia betri na inveta, na nyimbo mbili tulizirekodi kwa betri bila kusimama, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshapata moto.

Hatukutumia mapigo ya kompyuta masikioni. Mpiga tarumbeta ni lazima apumue, na anapopumua wimbo mzima unasubiri kidogo. Ukiusikiliza utaisikia.

Kuna Auto-Tune humo? Kuna akili mnemba?

Hakuna. Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, ipo sokoni tangu 1997 na wako wanaoitumia kama chombo cha muziki kwa ustadi kabisa, siwagombezi. Nimeshaeleza juu kwa nini mimi sikuitaka.

Kwa nini usirudie tu nyimbo zako za zamani? Hizo ndizo tunazozijua.

Naelewa, kaka yangu. Unaponisimamisha Double Road na kuniimbia kiitikio cha mwaka 1985, bila kukosea hata neno, siku yangu inakuwa njema. Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza ni karatasi. Wimbo una haki mbili ambazo wengi wetu tulidhani ni moja. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na lahani, na kuna haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyokamatwa siku ile kwenye utepe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mimi nyimbo nyingi nilikabidhi kabla ya sheria hiyo, kwa msambazaji mmoja wa kaseti mjini Dar es Salaam. Alinihesabia fedha mezani, nikatia sahihi, nakala ya karatasi akabaki nayo yeye. Sikuomba. Nilikuwa na nauli ya kurudi na zawadi za watoto, nikaona nimemaliza. Kaseti ziliuzwa miaka na miaka, na kilichonifikia ni ile fedha ya siku moja. Leo siwezi kukuonyesha niliuza kitu gani hasa, rekodi peke yake au na utunzi wake.

Wadogo zangu mnaoanza: kila karatasi ina nakala mbili, na moja inalala kwenu. Haki inazaliwa pamoja na wimbo, haisubiri usajili. Hata hivyo pelekeni kazi zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zikasajiliwe, kwa sababu siku ya ubishi mtahitaji ushahidi wenye tarehe. Nyimbo zote kumi na moja nimesajili kabla sijaimba hata moja mbele ya maikrofoni.

La pili ni kwamba sizitaki. Nilizitunga nikiwa na miaka ishirini na kitu, zinajua mambo ya umri huo, na zile rekodi zinatosha. Mtu akizitaka, zipo. Mimi nina miaka sitini na zaidi na nina mambo ambayo sijayaimba bado, na siku za kuyaimba zinahesabika.

Ni kweli ulitaka kwenda Kenya kurekodi enzi hizo?

Nani asingetaka? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, Nairobi vilikuwepo, na kutoka Arusha mpaka Namanga ni kama kilomita 110 tu. Wana Kinyonga, Wilson na George, wenyeji wa Tanga, walifika Arusha mwaka 1970 wakaanzisha Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, ambako ilizaliwa bendi ya Simba Wanyika. Sisi tuliokuwa wadogo tuliisikia hadithi hiyo kama mtu anavyosikia habari za ndugu aliyefika Ulaya.

Mimi nilianza bendi 1979, na mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Ukafunguliwa 1983. Kwa wanamuziki wa kaskazini miaka ile ilikuwa mirefu. Mlango wa karibu umefungwa, basi unapanda gari siku nzima kwenda Dar es Salaam, mnajipanga mbele ya maikrofoni za Radio Tanzania, mnapiga wimbo mwanzo mpaka mwisho, wote kwa pamoja, na aliyekosea amewakosea wote. Nikisema leo kwamba tumerekodi sebuleni watu kumi kwa mpigo mmoja, vijana wanaona ni jambo la ajabu. Mimi sikufundishwa namna nyingine.

Na vyombo havikuwa vyetu. Bendi nyingi zilikuwa za taasisi za umma, gitaa ni mali ya ofisi. Ukiacha bendi unaondoka na nguo zako. Gitaa langu la kwanza la kununua mwenyewe nilikuwa na miaka 34.

Utamshirikisha msanii gani wa Bongo Fleva?

Yupo kijana mmoja wa Arusha anayechana kwenye wimbo wa saba. Jina lake atalitangaza mwenyewe. Arusha wana historia yao katika hili: kundi la X Plastaz walichanganya uimbaji wa Kimaasai na hip hop, na albamu yao ya 2004 ilisikika mbali. Nilimpa kijana huyu sharti moja, aandike beti zake akiwa amekaa na babu yake, kwa kuwa wimbo ni wa ndugu wawili wanaogombea mpaka wa kihamba. Akarudi na beti inayotaja sale. Sale ni mmea tunaoupanda mpakani, na jani lake ndilo unalompelekea uliyemkosea ukienda kuomba msamaha. Mmea mmoja unatenga na unapatanisha. Mimi nimelizungukia jambo hilo miaka thelathini sikulipata. Yeye amelipata kwa mistari miwili.

Unatungaje? Maneno kwanza au sauti kwanza?

Maneno, na mara nyingi ninayatembeza. Nahesabu mizani kwa hatua: nane, kituo, nane. Wengi mnaoingia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha kutazama mpira hamjui kwamba mwenye jina lile alikuwa mshairi, na ndiye aliyechapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Mwalimu wangu wa Kiswahili alitukaririsha. Vina wakati mwingine navivunja, mizani sivunji, maana mizani ndiyo inayonionyesha mahali pa kuvuta pumzi. Beti ikinishinda kutembea nayo kutoka Rau mpaka mjini bila kuisahau, naiacha. Kama mimi mtunzi nimeisahau, msikilizaji ataishikaje?

Wimbo wa “Mpingo” unamhusu nani?

Unamhusu mti, na kidogo mtu. Klarineti unayoisikia humo imetengenezwa kwa mpingo, kama zilivyo klarineti na zumari nyingi nzuri duniani. Mti unakatwa huku kwetu, unakwenda Ulaya, unarudi ukiwa chombo ambacho watu wachache hapa wanaweza kukinunua. Hiyo ya wimbo wetu tumeiazima. Mpingo unakua taratibu mno. Anayepanda leo hatauvuna yeye. Marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea aliyefariki 2014, aliipanda hapa Kilimanjaro kwa miaka mingi akiwa na watoto wa shule, akijua hesabu hiyo. Niliwahi kuwaona watoto wakibeba miche kwenye makopo ya maziwa. Wimbo umeanzia kwenye makopo hayo.

Kuna wimbo wa Kichagga?

Mmoja, wa Kiuru. Watu wa Rombo na Machame msinune, mtaelewa nusu, na nusu nyingine ni tarumbeta.

Nitaipataje? Mimi sina simu kubwa.

Itakuwepo Boomplay, Audiomack, Spotify na YouTube. Lakini najua wengi mnasikilizia kwenye gari na kwenye redio ya jikoni, kwa hiyo kutakuwa na flashi. Albamu ina dakika 44. Kwa MP3 ya kiwango cha juu ni kama megabaiti 105 tu, inaingia kwenye memori kadi yoyote, hata ya simu ya batani. Anayetaka sauti kamili, kama ilivyotoka kwenye kompyuta yetu, ataikuta kwenye flashi hiyo hiyo. Hiyo ni nzito, karibu mara saba.

Mnaouliza santuri: dakika 44 si bahati nasibu. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 unabeba kama dakika 22 kabla sauti haijaanza kufifia. Nilizipanga nyimbo kwa pande mbili hata kama santuri yenyewe itachelewa. Wa sita ndio unaofungua upande wa pili, na ndiyo sababu unaanza na tarumbeta moja peke yake.

Nani amelipia?

Parachichi za misimu miwili, wanangu, na kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wapiga vyombo wamelipwa kila jioni kabla ya chakula, na kila mmoja ana karatasi yake, nakala mbili.

Utapiga onyesho Moshi? Arusha je?

Kote kuwili, baada ya mwaka mpya. Yataanza saa kumi alasiri na kwisha saa moja na nusu. Nimeshapiga madansi ya mpaka majogoo, sina deni nayo. Tena nataka mama mwenye watoto aweze kuja nao na kurudi kwa daladala.

Sisi ni kikundi cha matarumbeta. Tunaomba ruhusa ya kupiga “Zamu ya Maji” kwenye harusi.

Ruhusa mmeipata, na hamnilipi. Kwa harusi na misiba, ipigeni. Mkitaka kuirekodi na kuiuza, hapo tuzungumze kwanza, tuandikiane. Noti za sauti nne nitazitoa pamoja na flashi, zimeandikwa kwa F. Msiiharakishe kwa sababu pikapu inakwenda mbio. Mwambieni dereva apunguze. Kiitikio cha mwisho mnakirudia mara mbili, mara ya kwanza tuba anyamaze. Na kabla ya ubeti wa tatu mwacheni huyo mpiga tuba avute pumzi kamili, hata kama maharusi wanasubiri.